Mke wa Talal

Ndoa ya Tuhfa ilifungwa Pangani baada ya sala ya Ijumaa, na bwana harusi alikuwa Maskati. Aliyekaa mbele ya baba yake Tuhfa, wakashikana mikono, alikuwa mzee Nadir, ami yake Talal.

"Nimemwoza Talal binti yangu Tuhfa kwa mahari tuliyokubaliana," alisema baba mtu.

"Nimeikubali ndoa yake kwa niaba ya Talal," alijibu Nadir.

Hakuna aliyeona ajabu. Nadir alikuwa wakili wa Talal kwa mambo mengi. Alimuuzia shamba la minazi, alimpokelea kodi za nyumba, na kwenye kikao cha ukoo wakigawana urithi, alimwitikia pale jina lake liliposomwa. Safari hii alimwolea mke.

Tuhfa aliacha kazi ya kufundisha watoto wa chekechea, akaletwa Usagara, mjini Tanga, kwa mavyaa wake Bi Afra, asubiri viza. Bi Afra alikuwa amepooza mkono na mguu wa kulia. Alikuwa mpole, mwenye maneno mazuri, na hakukubali kulishwa na mtu mwingine tangu Tuhfa alipoingia.

Mwanzoni Talal alipiga simu kila usiku. Alimwonyesha Tuhfa jiko la nyumba yao, alimwuliza anapenda mapazia ya rangi gani. Baadaye mazungumzo yakawa mafupi: "Hujambo? Mpe mama simu."

Hospitali, daktari alipotaka ridhaa ya mtoto wa mgonjwa, Tuhfa ndiye aliyetia saini. Ukoo ulipofiwa, ndiye aliyepelekwa kuhani, akaketishwa mahali pa Talal, akapewa mkono na watu asiowajua. "Wewe ndiye Talal wetu hapa," Bi Afra alimwambia, kwa mapenzi kabisa.

Lakini akitaka kwenda Pangani kulala kwao japo siku moja, jibu lilikuwa lile lile. "Mke wa mtu aliye safarini atalalaje nje, mwanangu? Na mimi je, uniache na nani?" Ufunguo wa geti ukabaki chini ya mto wa Bi Afra. Tuhfa angeweza kuuchukua wakati wowote, maana ndiye aliyekuwa akimgeuza mama huyo kitandani na kumtandikia. Hakuuchukua.

Mwaka wa pili ulipokuwa unakwisha, alimwuliza mumewe waziwazi.

"Viza imefikia wapi, Talal?"

"Ukija huku, mama atabaki na nani?"

"Kwa hiyo hukuiomba."

"Huko hukosi kitu, Tuhfa," alisema.

Kesho yake alijifunga baibui, akautoa ufunguo chini ya mto, akaenda kwa Nadir.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja uniache."

Nadir alidhani hakusikia vizuri. "Nikuache mimi?"

"Ni wewe uliyesema nimekubali. Mimi sijamsikia mwengine akisema."

"Mwanangu, nilipewa ruhusa ya kukuoa tu. Ndoa ilipofungwa, uwakala wangu ulikwisha. Kuacha sikupewa."

Walikwenda kwa sheikh. Sheikh aliwasikiliza, kisha akasema mume anajulikana aliko, matumizi analeta, simu anapokea. Warudi wakasuluhishane kwanza. Tuhfa alirudi Usagara, akapika uji, akamlisha mavyaa wake. Usiku ule Talal alipopiga alimkabidhi Bi Afra simu bila kusema neno, na akafanya hivyo hivyo usiku uliofuata, na uliofuata.

Ni Nadir aliyeshindwa kuvumilia. Alimpigia Talal mwenyewe. "Sikuuzii kitu tena," alimwambia, "sikupokelei, wala sikusemei kikaoni, mpaka uje umchukue mkeo au unipe ruhusa ya kumwacha." Talal hakuja. Alituma ruhusa kwa sauti ya simu, maneno machache, yenye haraka.

Nadir aliitamka talaka sebuleni Usagara, mashahidi wawili wakisikia, Bi Afra kwenye kiti chake. "Talal amekuacha, Tuhfa. Talaka moja." Na kwa kuwa mume na mke hawakupata kukutana, eda haikuwepo. Alikuwa huru saa ile ile.

Tuhfa aliingia chumbani, akafunga begi. Alipotoka, Bi Afra alimshika ukingo wa baibui kwa mkono wake mzima.

"Leo nitalishwa na nani?"

Tuhfa aliliweka begi chini.

Talal aliposikia bado yuko, alimwuliza Nadir, "Si alitaka kuondoka?" Nadir alimkatia simu. Ikapita wiki, ikapita nyingine, mpaka Nadir alipompata Loveness, mwanamke wa Muheza aliyezoea kuuguza wazee. Tuhfa alimfundisha: uji usiwe mzito, mto chini ya goti, dawa baada ya chakula. Loveness alielewa upesi. Bi Afra alikataa chakula chake siku ya kwanza, siku ya pili akala nusu.

Sasa Tuhfa yuko Pangani, amerudishwa chekechea. Majirani humwita mtalaka, na akiulizwa mumewe alikuwaje hana la kuwaeleza. Jioni nyingi simu yake huita kutoka Usagara. Ni Loveness: "Dada, mama hataki kula. Anataka akusikie wewe." Tuhfa huacha alichoshika, akaketi, akazungumza na Bi Afra taratibu mpaka bakuli liishe.