Kapu Lililorudi Limejaa

Niseme mapema kwamba mimi ni mwanamke wa fomu. Wapo wanaopenda vitenge, wapo wanaopenda soga, mimi napenda karatasi yenye safu zilizonyooka. Nilizaliwa Lindi, nikasomea maendeleo ya jamii, serikali ikanipanga Kibondo. Huko nilikabidhiwa, juu ya kazi nyingine zote, kazi ya kuwasimamia watu wanaotoa msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kuweka wakili. Sikuiomba. Ilikuja na kabati la bati, muhuri, na fomu ya ukaguzi yenye safu kumi na moja, na nilipoiona ile fomu roho yangu ilitulia.

Mawakili huku milimani ni wa kutafuta kwa tochi, na ukimpata mmoja, nauli ya kumfuata tu inakumaliza. Ndiyo maana sheria inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hao ni raia wa kawaida waliofunzwa, wakasajiliwa, wakapewa kitambulisho. Wanamweleza mtu haki zake, wanamsaidia kupanga hoja, wanamwonyesha aanzie mlango upi. Kusimama mahakamani kumsemea mtu hawaruhusiwi. Kupokea malipo hawaruhusiwi pia, hata soda. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hayo yanafuatwa. Nilijiita jicho la serikali, na hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Baada ya miaka mitatu nilihamishiwa Kasulu. Msaidizi wa kwanza niliyekwenda kumkagua alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Muha wa hapohapo, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyonilazimu kuinama ili nimsikie. Nadhani aliipata kwa kufundisha watoto tisini darasani: ukipiga kelele nao wanapiga, ukinong'ona wananyamaza. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ofisi ya kata. Meza ilikuwa safi, daftari la wateja limejalidiwa kwa gazeti, kitambulisho kinaning'inia ukutani. Nilikuwa nimeanza kumpenda, mpaka nilipofunga mlango na kuona kilichokuwa nyuma yake.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Mkungu wa ndizi, afisa."

"Naona ni mkungu wa ndizi. Umefikaje hapa?"

"Umeletwa na baba mmoja. Alikuja na shauri la mpaka."

Pembeni kulikuwa na bakuli la maharage, mananasi mawili na kuku aliyefungwa miguu, ambaye alinitazama kama anayejua sheria. Nilifungua daftari. Kwenye safu ya maelezo mengineyo, kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, mzee wa watu alikuwa ameandika kila kitu: "Kaleta viazi." "Kaleta karanga, kiasi." "Kaleta kuku, bado hajachinjwa." Katika miaka yangu yote sijawahi kukagua mtu aliyejishtaki mwenyewe kwa unadhifu namna ile.

"Huduma hii ni bure, Mwalimu," nikamwambia.

"Ni bure. Nawaambia hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili wanakuja na ndizi. Huku kwetu, afisa, mkono mtupu haulambwi."

"Sheria haina ndizi."

Aliinamisha kichwa, akataka kuendelea kunieleza jambo. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa na hamu ya mtu aliyepata kosa la kujaza kwenye fomu. Kesho yake nilimwandikia barua: kuanzia tarehe hiyo asipokee kitu chochote kutoka kwa mteja yeyote, kikija kirudishwe kilikotoka. Nikaigonga muhuri mara mbili, nakala jaladani. Nilijisikia vizuri sana siku ile, na hilo linaniuma hadi leo.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo mama mmoja wa Kagerankanda, mkulima, ambaye mumewe alikuwa mahabusu kwa shtaka la kuiba baiskeli. Baiskeli ilikuwa kweli ya wizi. Lakini yule bwana aliinunua, tena kwa bei ya halali, kwenye gulio la Munanila, na wakaandikishana karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, ambaye sasa ni marehemu. Mkewe alikuwepo, na karatasi alikuwa nayo yeye, imefungwa kwenye ncha ya kanga. Dhamana ilikuwa wazi, ila majirani waliogopa kumdhamini mtu wa kesi ya wizi. Wakili hawakuwa naye. Mwalimu alimfundisha mume namna ya kujitetea, akamwambia mke aitunze ile karatasi hadi siku ya utetezi, aje aitoe mwenyewe na kusema alichokiona. Kesi yote ilisimama juu ya mama yule na kile kipande cha karatasi. Akikosekana, mume alikuwa anakwenda kufungwa.

Wiki moja baada ya barua yangu, yule mama alitembea asubuhi nzima akiwa na kapu kichwani: maharage mapya na kichupa cha mawese. Mwalimu, ambaye ni mtiifu kuliko wanafunzi wake wote, alimwonyesha barua yangu, akamsomea, akamrudishia kapu. Mama hakubisha. Alijitwisha kapu lake, akarudi Kagerankanda.

Siku ya utetezi nami nilikwenda mahakama ya mwanzo. Fomu yangu ilikuwa na safu ya kuhudhuria mashauri, na mimi siachi safu wazi. Mshtakiwa aliletwa, mtu mfupi mwenye mabega ya kufyatua matofali, miguu pekupeku. Hakimu, mama mwenye miwani ya kusomea, akamuuliza kama ana shahidi.

"Ninaye mmoja, mheshimiwa. Mke wangu."

Karani akatoka nje kuita. Akaita mara tatu, nasi ndani tukasikia jina likienda hadi barabarani na kupotea. Yule bwana aligeuza shingo kuutazama mlango, na hakuirudisha hata karani alipokwisha kuingia peke yake. Hakimu akasema anaahirisha kwa wiki moja, na hilo ni ahirisho la mwisho. Shahidi asipofika, utetezi utafungwa.

Nje nilimkuta mwalimu amesimama karibu na ukuta.

"Amekumbwa na nini huyu mama?" nikauliza. "Anaumwa?"

"Haumwi. Simu ya jirani yake nimeipiga. Anasema shauri lake nimelitupa."

"Umelitupa lini?"

"Siku niliyomrudishia kapu." Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto mzito. "Huku, afisa, mtu akikubali shauri lako anakula chako kwanza, hata punje. Kapu linarudi tupu, au linarudi na chumvi kidogo ya shukrani. Likirudi limejaa, maana yake umeambiwa nenda, sina habari na wewe. Na majirani wameshamwambia kwamba upande wa pili, wenye baiskeli, wameleta kapu kubwa zaidi."

"Si ulimsomea barua?"

"Nilimsomea yote, hadi kwenye muhuri. Barua ni maneno, afisa. Kapu alirudi nalo kichwani, kijiji kizima kikaliona."

Niliona haya. Kisha, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikakasirika.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilianza kukuambia. Ukasema sheria haina ndizi."

Tuliondoka kwa pikipiki mbili kwenda Kagerankanda siku ya tatu yake, mvua imenyesha, udongo mwekundu umeshika matairi. Mara mbili nilishuka kutembea, na mara ya pili kiatu kilibaki nyuma. Mwalimu alinisubiri mbele huku akitazama migomba, kwa adabu, ili asinione nikichokonoa kiatu kwa kijiti.

Mama alitupokea vizuri mno, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwakeye, mwakeye, kwa salamu ya Kiha, habari za safari, habari za Kasulu, habari za mvua, habari za wazee wangu huko Lindi ambao hajawahi kuwaona. Akatupa vigoda. Habari ya kesi hakuigusa. Nilipoigusa mimi alitabasamu na kusema, "Mungu atajua, mama," kisha akaingia jikoni.

Akatoka na ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, akaviweka chini katikati yetu. Akakaa kwenye mkeka, akatutazama.

Nilimtazama mwalimu. Mwalimu alitazama paa.

"Mimi nimekatazwa kwa barua," akasema, kwa sauti ileile ya chini. "Mwenye barua ndiye huyu."

Basi nikanawa. Nikamega tonge, nikachovya, nikala. Maharage yalikuwa matamu, nakiri, lakini sikuyala kwa sababu hiyo. Nilikula kwa sababu yule mama alikuwa akihesabu matonge yangu kwa macho, na kila tonge lilimpunguzia kitu usoni. Nilipomaliza sahani akaniongeza. Nikala tena. Mwalimu bado alikuwa amefumbata mikono magotini.

"Kula, Mwalimu," nikasema, mdomo umejaa.

"Nitashukuru nikipata kwa maandishi, afisa."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna ambayo sura haikushiriki. Nikafuta mkono, nikachana ukurasa wa daftari langu, nikaandika: "Mwalimu anaruhusiwa kula maharage ya leo." Nikatia sahihi. Aliupokea kwa mikono miwili, akausoma hadi mwisho, akaukunja mara nne, akautia mfuko wa shati. Kisha akanawa, na yule mama akacheka kwa mara ya kwanza, kicheko kirefu, huku amefunika mdomo kwa kanga.

"Kumbe ni huyu aliyekukataza," akamwambia mwalimu. "Mimi nikadhani ni wewe."

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nilikosea. Mumeo anakusubiri."

Alifungua ncha ya kanga pale pale, akatuonyesha karatasi. Ilikuwepo, imelainika kwa jasho, alama ya kidole cha muuzaji bado inaonekana.

Siku ya mahakama niliwahi kufika kuliko karani. Ilipofika saa nne mama hajaonekana, nikatoka mara mbili kutazama barabara. Mumewe alisimamishwa tena, akaulizwa tena, karani akatoka tena kuita. Safari hii aliita mara moja tu. Mama akaingia na vumbi hadi magotini, kapu mkononi. Askari akamwambia vyombo vibaki nje. Akasimama, akalikumbatia kapu, nikaona mambo yanataka kuharibika kwa ajili ya maharage mara ya pili. Nikainuka, nikalipokea mimi. Kwa hiyo katika ushahidi wote jicho la serikali lilikaa benchi la nyuma na kapu la mteja mapajani.

Alisema vizuri. Hakuremba. Alisema waliondoka nyumbani na pesa ya matofali, wakaikagua baiskeli, mumewe akagonga kengele mara mbili kuona kama inalia, wakaandikishana. Akafungua kanga, akatoa karatasi. Hakimu aliishika kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamkabidhi karani aiandike kuwa kielelezo.

Alipotoka kizimbani akapita karibu yangu. Mimi, kwa ustaarabu wangu wa Lindi, nikanyanyuka nikamnyooshea kapu lake.

Mikono yake haikusogea. Alilitazama kapu, limejaa vilevile, akanitazama mimi, na ule wasiwasi wa zamani ukamrudia usoni. Nyuma yangu mwalimu alikohoa. Nikalirudisha kapu kifuani haraka, nikakaa nalo, nikalishika kwa mikono yote miwili kama mtu aliyetishiwa kuporwa. Basi naye akakaa, karibu yangu, bega kwa bega.

Hukumu ilisomwa alasiri. Mshtakiwa alinunua kwa nia njema, hana hatia, aachiwe. Baiskeli ilirudi kwa mwenyewe na mume akarudi kwa mkewe. Hawakukumbatiana. Mke alimpa mumewe kandambili alizomletea, akamsubiri avae, mguu mmoja halafu mwingine. Mimi nilikimbia ofisini, nikayamwaga maharage kwenye boksi la fomu, nikaagiza chumvi dukani, nikalirudisha kapu na pakiti mbili ndani. Mama alizipima kwa mkono, akaridhika.

Mwisho wa robo mwaka nilikaa kujaza taarifa. Safu ya tisa inauliza kama mtoa huduma alipokea malipo au zawadi yoyote. Nikaandika: "Ndiyo. Maharage. Aliyepokea ni msimamizi." Safu ya kumi inauliza muda wa shauri kuahirishwa na sababu yake, na machaguo yake ni manne: upelelezi, shahidi, hakimu, mengineyo. Wiki moja mtu yule alilala kwenye sakafu ya mahabusu bila kosa, na sababu haikuwa upelelezi wala hakimu. Ningeweza kutia alama kwenye shahidi, na hakuna ambaye angeniuliza. Nilitia kwenye mengineyo, na pembeni nikaandika kwa mkono: "Barua yangu."