Prosesa ya Melkiadi na Mazabodi ya Tundu Refu

Siku hizi mtu akishakuuzia kitu, ukigeuka tu hamjuani tena. Katika Ukonongo, huku kwetu Mpanda, haikuwa hivyo, na Melkiadi alilijua hilo vizuri, kwa sababu babu yake alikuwa mhunzi. Mzee yule hakumwachia mtu jembe mpaka ameuchoma mkia wake ukawa mwekundu, akauchomeka kwenye kirungu cha mpini, moshi ukatoka, mnunuzi akalima hatua mbili tatu pale pale. Jembe likichomoka kabla msimu haujaisha, mwenyewe alilirudisha, akaliweka miguuni pa mhunzi mbele za watu, akasema maneno matatu tu: "Jembe lako limetoka." Hapo mhunzi haketi mpaka amelirudisha mpinini. Na mpita njia akiyasikia maneno hayo alitua mzigo wake akasimama kuwa shahidi.

Melkiadi hakurithi uhunzi. Aliishia darasa la nne, mengine akajisomea mwenyewe kwa taa ya koroboi, na kwa miaka mingi alikuwa na chumba kidogo karibu na soko la Mpanda akiwachapia watu barua kwa taipureta: maombi ya kazi, mikataba ya mashamba, barua za wakimbizi wa Katumba waliotafuta ndugu zao. Mwaka tisini na saba wateja walianza kuikunjia pua kazi yake. Walitaka barua ya kompyuta.

Alikuwa na rafiki, Othmani, mfanyabiashara wa kutoka Karema aliyekwenda Dar es Salaam kwa treni kila baada ya miezi michache. Walikuwa wamezikiana wazazi. Melkiadi akauza shamba la mpunga la Usevya, shamba aliloachiwa na mama yake, akamwita Othmani chumbani ili amwagize kompyuta.

Othmani alikuja na karatasi ya duka yenye orodha ya prosesa. Melkiadi alikwisha kusoma habari zake, kamusi ikiwa mkononi: prosesa ndiyo inayofikiri, mazabodi ni ubao inapochomekwa.

"Wengi wanachukua hii ya kasi ya mia na sitini na sita," Othmani alisema. "Inatosha barua."

"Na hii ya juu kabisa, mia mbili thelathini na tatu?"

"Hiyo ni ya wakubwa, Melki."

"Nisikilize. Mimi sina shamba la pili la kuuza. Nataka jembe zuri mara moja, mpini nitakuwa nabadilisha. Mazabodi ikichakaa, nikanunua mpya ya kisasa, prosesa hii itahamia?"

Othmani alimtazama kidogo. "Itahamia," akasema. "Kama jembe la babu yako."

Kompyuta ilikuja mwezi wa kumi na moja, ikafanya kazi vizuri mwaka mmoja na nusu. Othmani naye alirudi na ya kwake safari ile ile, akafungua ofisi ya kuchapa upande wa pili wa soko. Melkiadi hakununa. Aliona kazi ni nyingi, inawatosha wote wawili.

Kisha asubuhi moja umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, na kasha la kompyuta likatoa harufu ya plastiki iliyoungua. Gervais, fundi redio kutoka Katumba, akalifungua, akainusa mazabodi, akaitupa juu ya meza.

"Hii imekufa, mzee. Prosesa naona imesalimika."

Melkiadi karibu acheke kwa furaha. Si ndiyo siku aliyojiandaa nayo! Akamwagiza Othmani mazabodi mpya. Ilipofika, Gervais aliigeuza, akaigeuza tena.

"Mzee, haiingii."

"Haiingii vipi?"

"Prosesa yako ina vimiba chini, inalala. Hii ina tundu refu, inataka prosesa iliyo kama kaseti, inayosimama wima."

"Basi toboa."

"Nitoboe wapi, mzee wangu? Huu si mti."

"Basi tafuta mazabodi ya zamani."

"Labda uokote kuukuu. Mpya zote zinazoletwa ni za tundu refu."

 Melkiadi akauliza, "Hizi za tundu refu zimeanza lini?"

"Zina siku nyingi. Ya mzee Othmani ni hii hii. Nilipoifungua kuipangusa vumbi nilikuta karatasi ya duka, mwezi wa kumi na moja tisini na saba."

Safari moja. Duka moja. Siku moja.

Melkiadi aliichukua prosesa, akavuka soko. Ofisini kwa Othmani wateja walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Akaiweka juu ya meza.

"Othmani. Jembe lako limetoka."

"Jembe?" Othmani alicheka. "Melki, umeanza gongo asubuhi hii?" Wateja wakacheka naye.

"Siku ile nilikuuliza kama itahamia. Wewe ulijichagulia ipi?"

Othmani akashusha sauti. "Mwenye duka alitaka kuzimaliza zile za kulala. Alisema nikimpatia mteja wa ile ya juu, ya kwangu atanipunguzia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningekwambia."

"Dunia imebadilika, ndugu yangu."

"Jembe lako limetoka," Melkiadi akarudia, kwa sauti.

"Babu, tupishe, tuna foleni," kijana mmoja akasema.

Mlangoni alikuwa anapita Marsela, bibi Mkonongo wa Inyonga aliyeuza karanga sokoni. Alisimama. Akatua ungo wake chini, akakunja mikono.

"Wewe mama unachapisha nini?" Othmani akamwuliza.

"Sichapishi kitu. Nangoja ulirudishe."

Watu walitazamana. Hakuna aliyeelewa. Mmoja akauliza kama ni mke wa Melkiadi, wengine wakaangua kicheko. Kisha printa ikaanza kukwaruza na kila mtu akageukia barua yake. Melkiadi na Marsela walibaki wamesimama mpaka jua lilipofika utosini na karanga zikaanza kuliwa na kuku. Ndipo Marsela akauinua ungo, na Melkiadi akaiokota prosesa yake.

Muda wote ule Othmani alikuwa ameketi.