Kitakoni Kwenda Mdomoni

Dada yangu hakuwahi kupenda mabakuli ya mbao. Mume wake aliyatengeneza maisha yake yote, mtaa mzima ukimwita Fundi, naye Dada akayafuta vumbi, akayapanga dirishani, akauza, basi. Kwa hiyo aliposema anataka kujifunza kukereza, yaani kuchonga mabakuli kwa mashine ya mumewe, nilidhani ananitania. Umri wake ni wa kupumzika, na mashine ile huzungusha kipande cha mti kwa kasi mpaka macho yanakuuma.

Lakini shemeji yangu alikuwa hatoki kitandani. Kiharusi kilimpiga mkono wa kulia na mguu, hospitali wakamruhusu, akarudi nyumbani akageukia ukutani. Daktari alisema mguu utapata nguvu akiutembeza. Asipoutembeza, ndiyo basi tena. Tulimbembeleza, tukamgombeza. Mimi nilimwita mvivu mbele ya uso wake, maana ndiyo tabia yangu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa jina la Pilipili. Akanijibu, "Mashine iuzwe." Nilitoka nje nikalia.

Asubuhi moja Dada aliingia karakana, chumba cha uani kinachopakana na chumba chao cha kulala, akafunga kipande cha gogo kwenye mashine, akawasha. Patasi aliiweka vibaya kiasi kwamba mlio wake ulitutia ganzi ya meno. Kutoka kitandani ikaja sauti ambayo hatukuwa tumeisikia siku nyingi.

"Nani anachinja mti huko?"

"Mimi," Dada akajibu. "Njoo unionyeshe."

Alikuja. Alijikokota na fimbo, akishika ukuta, akaketi kwenye kigoda huku jasho linamtoka kwa hasira. Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi, na somo lilikuwa lile lile. Upande wa nje wa bakuli, patasi huanzia kitakoni ikapanda kwenda mdomoni. Ndani, huanzia mdomoni ikashuka. Ukienda kinyume, nyuzi za mti zinachanika na bakuli linatoka na manyoya kama mkeka uliochakaa. Dada alikwenda kinyume. Leo, kesho, keshokutwa.

"Kitakoni, mke wangu. Kichwa chako ni cha mbao gani?"

"Si ulikichagua mwenyewe?" Dada alijibu, akaendelea kuharibu.

Mimi nilianza kuudhika. Dada ndiye aliyenifundisha kushona, na mikono yake naijua. Haiwezi kushindwa na kibakuli. Mchana mmoja niliwapelekea mboga nikamkuta Fundi amesinzia sebuleni, redio inaongea peke yake. Karakanani mashine ilikuwa inanguruma taratibu. Nikachungulia. Dada alikuwa anaanzia kitakoni, bila haraka, na maranda yalitoka marefu kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika. Nyuma ya makopo ya rangi yalipangwa mabakuli laini, mepesi, mazuri kabisa.

"Kumbe unajua?" nikamwuliza.

"Funga mlango."

"Sasa asubuhi unatuchezea nini?"

"Nikipatia, atarudi kitandani ageukie ukuta." Alizima mashine, akapuliza vumbi kwenye bakuli. "Na mdomo wako naujua. Ufunge pia."

Nilijitahidi. Siri hainikai tumboni, lakini ile niliibeba mpaka asubuhi Dada alipotoka kununua msasa, tukabaki karakanani mimi na Fundi. Akaanza kumsema mke wake: mzito, haambiliki, amemchosha. Uvumilivu ukaniishia.

"Shemeji, mwache dada yangu. Anajua kukereza kuliko unavyofikiri."

"Najua," alisema.

Nikakaa juu ya rundo la mbao.

"Mchana wote nikijilaza namsikia," akaendelea. "Patasi ikienda sawa, mlio wake haufichiki. Na hayo ya nyuma ya makopo nimeyashika yote. Moja limezidi unene kitakoni. Mengine hata mimi ningeyaweka dirishani."

"Mbona hujamwambia?"

Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, anausugua kwa ule mzima. "Pilipili, miaka yote nimefanya kazi humu nikimpa mgongo. Nilikuwa naangalia mti. Sasa nakaa hapa asubuhi nzima namwangalia yeye. Nikisema amehitimu, kesho ataniita kwa lipi?"

Nilishika fagio nikaanza kufagia sakafu.

Dada akarudi na msasa wake, akavaa aproni, akafunga kipande kipya. Akamgeukia mumewe.

"Haya, Fundi. Leo naanzia wapi?"

"Anzia popote unapotaka," alisema. "Nipo."

Dada akanitupia jicho kali, nami nikainama kuokota maranda. Kisha akawasha mashine, akaiweka patasi upande wa nje, mdomoni.