Taa tatu ziliwaka pamoja kwenye gari la kaka yangu, sisi tukatibu moja moja

Mwangaluka wakuu, na nyie mabingwa wa magari mnaojibu "peleka kwenye scanner" kabla hata ya kumaliza kusoma.

Gari ninalolisimulia halikuwa na pa kuchomeka hiyo scanner yenu. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, kwetu Bariadi, na sina faida ya kuongeza chumvi.

Wenye haraka, jibu hili hapa: gari la zamani la dizeli, zikiwaka taa ya betri, ya breki na ya fuel filter kwa mkupuo, anzeni na alternator. Mkishasoma hapo mnaweza kwenda zenu.

Wenye muda kaeni, maana kilichoniuma mimi siyo alternator.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Biashara ya pamba ilishafunguliwa, kila mnunuzi anakuja na mizani yake, na magari ya mtumba kutoka Japani yalianza kuonekana hata kwetu. Kaka yangu Maduhu, ambaye mimi ndiye ninayemfuata, alikuwa karani wa mnunuzi mmoja. Akajibana msimu kwa msimu, akauza na ng'ombe wake, siku moja akaingia uani na station wagon nyeupe.

Jamani, ile siku! Mama alilizunguka gari lote kama anakagua ndama, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, hili linakula nini?"

Tulicheka mpaka machozi.

Maduhu akaanza taksi bubu, Bariadi na Lamadi. Asubuhi anapeleka akina mama wanaofuata samaki ziwani, mchana anawarudisha na mizigo yao. Gari lilinuka dagaa mpaka kwenye mikanda. Yeye wala hakujali, alikuwa na jambo lake moja tu kichwani.

Limi.

Limi alikuwa binti wa Binza, kule Maswa. Baba yake alishakubali, ng'ombe wa mahari walishatajwa, wengine walishapelekwa. Waliobaki walitegemea gari. Nyumbani tulijua wote, gari likitembea Limi anakuja.

Sasa nije kwenye betri.

Umeme kwetu haukuwepo. Mama alikuwa mjane, starehe yake ilikuwa redio kaseti kubwa aliyoachiwa na baba, na mawe ya redio, zile betri ndogo, yalikuwa yanatumaliza. Maduhu akaona isiwe tabu. Kila jioni anafungua betri ya gari, anaileta sebuleni, mama anasikiliza kaseti zake za ngoma za wagika na wagalu, vile vikundi viwili vya Kisukuma vinavyoshindana kucheza. Majirani wanajaa, wazee wanabishana nani alicheza vizuri zaidi mwaka gani. Asubuhi betri inarudi kwenye gari.

Msinicheke. Wenye magari mtaani kwetu karibu wote walikuwa wanafanya hivyo.

Asubuhi moja Maduhu alichelewa. Abiria wamejaa uani wanamwimbia, "Baba, samaki wataisha!" Kwa haraka zake akafunga waya kinyume, wa chanya kwenye hasi. Cheche ikaruka, pwaa!

"Yalaa!" Akaruka nyuma, akageuza waya, akafunga sawasawa. Gari likawaka vizuri tu. Sisi tukabaki kumcheka alivyoruka.

Kwenye dashboard zikabaki taa tatu. Ya betri, ya breki, na ile ya fuel filter. Akasema zitazima zenyewe njiani.

Hazikuzima.

Hapa ndipo uchungu wangu unapoanza. Wale mafundi hawakuwa wajinga, ila kila mmoja alikuwa na taa yake.

Fundi wa breki akaona taa ya breki, akabomoa magurudumu yote manne, akabadilisha brake shoe, akaongeza mafuta ya breki. Taa ikabaki. Akasema hizo nyingine siyo kazi yake.

Wa dizeli akasema kuna maji kwenye mafuta. Akashusha tenki, akalisafisha, akaweka filter mpya. Taa ikabaki.

Wa betri akasema betri imechoka kwa kufunguliwa kila siku. Ikanunuliwa mpya. Ikapiga kazi siku chache, nayo ikalala, tukaanza kusukuma gari asubuhi kama mkokoteni. Ikipelekwa kuchajiwa inaamka, baada ya muda inalala tena.

Mtauliza, hakuna hata mmoja aliyeigusa alternator? Yupo mmoja. Sisi tulikuwa tunaiita dainamo, ndiyo inayochaji betri. Fundi huyo alifungua boneti injini ikiwa inanguruma, akachungulia, akasema, "Mkanda unazunguka, dainamo inazunguka. Hiyo nzima."

Tukaamini wote. Si inazunguka bwana!

Lakini ile cheche ilikuwa imeshaunguza diodi ndani, zile zinazopitisha chaji kwenda kwenye betri. Inazunguka vizuri na haichaji chochote. Na kwenye magari yale dainamo ikikata, taa zote tatu zinawaka kwa pamoja, hata kama breki na filter havina tatizo lolote.

Wakati huo Maduhu alishakonda. Kinachoingia kwa safari za Lamadi kinaishia kwa mafundi. Limi alikuwa anatuma salamu kwa watu wanaopita, anauliza lini.

Siku ya kwenda Binza kumaliza maneno ikafika. Betri ilichajiwa tangu jana yake. Tuliondoka asubuhi na wazee wetu wawili, mama akiwa amevaa kitenge kipya, mimi nimepakata mtungi wa maziwa. Tulipokaribia Lagangabilili mvua ikaanza, Maduhu akawasha wiper na taa. Mnaojua umeme wa gari mmeshaelewa. Wiper zikaanza kwenda polepole, zikasimama, gari likafa.

Tukasukuma. Wazee wale na makoti yao, kwenye tope jeusi la kwetu, wakasukuma. Halikuwaka.

Tulifika Binza tumekaa juu ya magunia kwenye lori, jioni, tumechafuka kila mahali. Watu walishakula, wengine walishaondoka. Baba yake Limi hakutufukuza, alitukaribisha kwa heshima. Ila alimwambia Maduhu mbele ya wote, "Kijana, gari lako mwenyewe hujui linaumwa nini. Mke je, utamjua?"

Maduhu aliangalia viatu vyake tu.

Haikupita muda akaliuza lile gari kwa bei ya kutupa. Akaniambia, "Hili lilikuja na magonjwa yake matatu toka Japani, mimi sina bahati." Akaenda machimboni upande wa Geita, akasema atarudi na ng'ombe waliobaki.

Limi alingoja msimu, akangoja mwingine. Akaolewa kwingine. Siku hizi nikikutana naye mnadani ananisalimia vizuri, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Kaka yako hajambo?"

Maduhu hakurudi kuishi nyumbani. Anakuja kwenye misiba, analala mara moja, anaondoka. Alioa huko, wakaachana. Kaka yangu aliyekuwa anachekesha nyumba nzima amekuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana".

Mwezi uliopita pickup yangu, dizeli ya kizamani pia, ikawasha taa zile zile tatu. Fundi wangu hakugusa breki wala filter. Alipima betri kwa multimeter injini ikiwa imezimwa, akapata volti kumi na mbili na kitu. Akawasha injini, ikasoma vile vile. "Ingekuwa inachaji, ingepanda mpaka kumi na nne hivi," akasema. "Haichaji. Hizo taa nyingine zinafuata mkumbo tu."

Nikamsimulia ile cheche ya zamani. Akatikisa kichwa. "Dada, ile iliua diodi. Ilikuwa ni kubadilisha alternator tu, mngeendelea na safari."

Nikakaa juu ya tairi pale gereji nikalia kama mtoto. Alternator tu, jamani.

Jioni nikampigia Maduhu. Nikamweleza yote, multimeter, diodi, cheche.

"Kwa hiyo lilikuwa zima," akasema.

"Lilikuwa zima, kaka."

Halafu akaniuliza, "Mama bado anasikiliza zile kaseti zake?"

Nikamwambia anasikiliza, tulimhamishia kwenye simu.

"Basi usimwambie. Ataona ni redio yake iliyonifukuza nyumbani."

Sijamwambia.

Wakuu, taa zikiwaka pamoja, msizigawe kwa mafundi. Jiulizeni zimewaka lini, na asubuhi hiyo mlifanya nini. Pimeni chaji kabla ya kununua hata skrubu.

Kama na kwenu betri ilikuwa inalala sebuleni, niambieni hapo chini ilikuwaje. Na aliyewahi kumrudisha nyumbani kaka aliyekaa mbali miaka yote hii, naomba anieleze alianzia wapi. Hilo sina fundi wake.