Gari Linalotazama Geti

Mjini shida ya gari si kwenda. Shida yake ni kusimama. Ukiwa barabarani unaonekana mtu wa maana, lakini ukitaka kushuka tu, kila pembe ina mwenyewe na kila mwenyewe ana risiti mkononi. Hilo nililijua mwaka ule mama yangu alipolazwa katika hospitali kubwa ya mji, nami nikawa nakwenda kumwona kila baada ya siku mbili na pikapu yangu ya kubebea mbao.

Wanaonifahamu wanasema nina mkono wa birika. Siwabishii. Maegesho ya hospitali yenyewe yalitoza kwa saa, na mgonjwa hauguzwi kwa saa. Umwamshe, umlishe, umkande miguu, usubiri daktari apite. Ukija kuinua kichwa jua limeshahama na deni limekufika shingoni. Wiki ya kwanza nilijitia mjanja, nikaegesha ubavuni mwa duka moja la vyombo. Niliporudi nilikuta gurudumu limefungwa chuma cha manjano, na faini yake ingetosha kununua mbuzi mwenye mimba. Nilimsimulia mama kitandani kwa uchungu mwingi. Ingawa maji yalikuwa yamejaa mapafuni na pumzi zinampa tabu, alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza.

Muuguzi huyo ndiye aliyenielekeza kwenye uchochoro wa nyuma, ng'ambo ya ukuta wa jiko la hospitali, nikaulizie kwa Mama Funguo.

Ulikuwa uwanja wa nyumba yake tu. Udongo ulioshindiliwa, ukuta pande tatu, geti la mabati. Mtu mwenye akili timamu angeingiza humo magari matano na kumshukuru Mungu. Yeye aliingiza kumi na moja. Yalikaa kama sahani kabatini, na katikati palibaki nafasi ya yeye mwenyewe kupita ubavuubavu, mikono juu. Kutwa nzima kwake ilikuwa bei ya saa moja kule kwa wenye risiti. Sharti lilikuwa moja tu: ufunguo unamwachia yeye.

Nilisita. Pikapu yangu simwachii hata shemeji yangu. Nikasimama getini nimeushika ufunguo kwa mikono miwili, na yule mama, mtu mzima, mfupi, shuka kiunoni na raba za kiume miguuni, akanitazama bila haraka.

“Mgonjwa wako nani?” akauliza.

“Mimi nataka maegesho, mama.”

“Nimesikia. Mgonjwa wako nani, na anaumwa nini?”

“Ni mama yangu. Mapafu.”

“Anakula?”

“Uji tu, tena kwa kubembelezwa.”

“Haya. Wewe utakaa kona ile, ukutani. Lete ufunguo, Baba Mbao.”

Akapanda mwenyewe. Alilaza kiwiko dirishani, akaingiza gia ya nyuma na kuipitisha pikapu yangu kati ya magari mawili ambapo mimi nisingethubutu kupitisha toroli. Hakusimama kupima, hakushuka kuchungulia. Macho yalinitoka pima. Aliposhuka, alilipiga bampa la gari la jirani kofi jepesi, akaenda kibandani kuutundika ufunguo kwenye msumari.

Siku za mwanzo maswali yake niliyaona umbea. Kila aliyeingia aliulizwa habari za mgonjwa wake, tena kwa undani: kalalaje, kanywa maji, kaongea nini. Hakuna aliyeulizwa atatoka saa ngapi. Polepole ndipo nikaelewa kwamba majibu yale ndiyo yaliyokuwa yakipanga uwanja. Wenye wake wa kujifungua aliwaweka karibu na njia, kwa sababu mtoto hana saa na baba yake siku hiyo hana akili. Wa mifupa aliwasukuma nyuma kabisa, maana hao ni wa kukaa. Wa kusafishwa vidonda aliwapanga kushoto, wakitoka mchana mmoja baada ya mwingine bila kumsumbua mtu. Hakuandika popote. Na sikuwahi kumwona mtu akija kuchukua gari lake akaambiwa subiri. Mimi nimepanga mbao maisha yangu yote, najua kupanga ni nini, na mama yule nilimvulia kofia.

Halafu ikaja siku ya muuza vitabu.

Huyu alikuwa jirani yangu pale konani, bwana mpole mwenye gari jeupe, akimwuguza mkewe. Asubuhi hiyo nilifika nikamkuta Mama Funguo anahamisha magari manne ili tu alitoe lile jeupe. Alilitoa, akaligeuza, akaliweka mbele kabisa likitazama geti. Mwenyewe hakuwapo, alikuwa wodini tangu alfajiri. Mimi nipo nje, injini inanguruma, mafuta yanaungua, na mdomo wangu hauna breki.

“Sasa mama, huyu mtoto wa mfalme? Sisi tunasota juani, mwenzetu anageuziwa gari kama bwana harusi?”

Akamalizia kuliweka sawa lile jeupe. Akaniingiza baadaye, akarudi kukaa kwenye ndoo yake iliyopinduliwa.

Mchana nilikuwa nakunywa chai pale kibandani muuza vitabu alipotokea uchochoroni. Kwapani ana chupa ya chai, mkononi shuka lililokunjwa vizuri. Alikuwa peke yake. Mama Funguo alikuwa ameshafungua geti kabla hajalifikia, ufunguo umeshachomekwa kwenye usukani. Yule bwana akapanda, Mama Funguo akaweka kiganja juu ya paa la gari kidogo, kisha akakiondoa, na gari likatoka moja kwa moja.

“Umejuaje?” nikauliza. Sauti ilikuwa imenishuka.

“Jana aliniambia mkewe amekataa maji. Na leo asubuhi hakunisalimia. Yule bwana husalimia hata paka.” Akavuta geti likafungwa. “Mtu aliyefiwa hapigi rivasi, Baba Mbao. Hawezi. Machozi hayaoni nyuma.”

Niliona aibu kwa yale niliyoropoka asubuhi, lakini kubwa zaidi ya aibu ilikuwa hofu, ile ya mtu aliyepiga kelele chumbani kisha akagundua kuna watu wanasali. Nilikuwa nikimwona mama yule kama mlinzi wa magari wa bei nafuu. Kumbe kila asubuhi alikuwa anashika mikononi mwake jinsi kila mmoja wetu atakavyoondoka siku hiyo, na sisi hatuna habari.

Tangu hapo nikaipenda kona yangu. Nikifika na kuambiwa “kaa ukutani,” moyo unatulia, nikijua mama yangu ana siku nyingine. Niliipenda hata ilipojaa matope. Mara moja alitaka kunisogeza karibu kidogo kwa sababu ya gari kubwa la mtu wa mifupa, nikakataa katakata, akacheka na kuniacha. Nadhani alijua sababu.

Mama hakuwa anaendelea vizuri. Walimtoa maji mara mbili na yakarudi. Daktari, nikimwuliza, alikuwa na neno moja tu: tuone. Dada yangu alikuja kutoka mbali, akakaa, akaondoka akiwa amevimba macho. Mimi nilibaki kwenda na kurudi, na kila nikikata kona ya uchochoro ule roho iko juu mpaka nisikie neno ukutani.

Asubuhi moja niliingia wodini nikamkuta amekunja uso. Uji hautaki. Mto hautaki. Nilipojaribu kumfuta uso alinisukuma mkono.

“Niletee viatu vyangu,” akasema.

“Viatu vya nini, mama? Hujakanyaga sakafu tangu uingie humu.”

“Viatu vyangu. Umeviweka wapi?”

Vilikuwa garini, chini ya kiti, tangu siku niliyomleta. Sikumwambia. Nikamfunika, nikashuka hadi uwanjani kupumua. Mama Funguo akanimiminia chai.

“Kaamkaje?”

“Leo mkorofi kweli. Uji kakataa, mimi mwenyewe kanifukuza. Anataka viatu. Sijui kichwa kinamruka.”

Kikombe chake kikasimama njiani. Akakiweka chini.

“Kaviomba mwenyewe? Hakuna aliyemtajia?”

“Mwenyewe.”

“Basi mpelekee.”

“Vya kazi gani? Daktari hata hajapita.”

“Mpelekee, mwanangu,” akasema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Sikumsikiliza. Nilikuwa na karatasi ya dawa mfukoni, nikaenda duka la dawa la barabara ya pili. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja aliyebishania bei ya kila kidonge, nikamwonea hata fahari. Nilirudi nikipiga mluzi. Nikakata kona.

Pikapu yangu ilikuwa mbele kabisa ya uwanja, pua inatazama geti. Ufunguo umechomekwa. Juu ya kiti, vimewekwa sambamba, viatu vya mama, vimefutwa vumbi.

Nilimtafuta Mama Funguo kwa macho nikamwona kibandani, amesimama, mikono kifuani.

“Kwa nini umeligeuza?” nikamwuliza. “Nani kakwambia? Kuna mtu kaja?”

“Hakuna aliyekuja.”

“Sasa kwa nini?”

“Chukua viatu, nenda,” akasema.

Nilikimbia. Mtu mzima mwenye kitambi, viatu vya kike mkononi, nikakatiza mbele ya walinzi, nikapanda ngazi nikiwapiga watu vikumbo bila kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa nasema maneno ambayo sikuwa nimeyasema tangu utotoni. Nilimwomba Mungu ile kona yangu. Nilimwambia nitalipa maegesho ya saa, ya dakika akitaka, mwaka mzima, bila kulalamika, ila nirudishiwe ukutani.

Pazia la kitanda chake lilikuwa limevutwa pande zote. Chini yake niliona miguu ya muuguzi tu. Nilisimama nje ya pazia lile na sikuweza kunyoosha mkono.

“Huyo anayehema kama ng'ombe ni mwanangu,” ikasema sauti ya ndani. “Kaleta viatu?”

Muuguzi akafungua pazia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kavaa gauni lake la kujia, nywele zimechanwa. Daktari alikuwa amepita nilipokuwa kwenye foleni. Picha ya jana yake ilionyesha mapafu makavu. Amempa ruhusa, na karatasi za kuondokea zilikuwa tayari mezani. Nilipiga magoti sakafuni kumvalisha, nikawa siuoni mguu wa kulia wala wa kushoto.

“Huko ni kisigino,” mama akasema. “Tulia, baba. Sijafa.”

Alikubali kiti cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa nyuma, hapo akakikataa. Uchochoro tuliutembea, kiganja chake begani kwangu, tukipumzika kila alipotaka, na alitaka mara nyingi. Nilipoinua macho nilimwona Mama Funguo amesimama katikati ya geti lililo wazi, kalishika kwa mikono yote miwili. Alitutazama. Alituhesabu, naapa alituhesabu, mmoja, wawili. Kisha akaliachia geti, akarudi nyuma mpaka akaifikia ndoo yake, akakaa, akajifunika uso kwa ncha ya shuka.

“Ndiye mwenye uwanja?” mama akaniuliza.

“Ndiye.”

“Mama, asante kwa kunitunzia huyu,” mama yangu akamwambia. “Nyumbani gari lake tunalitoa mtaroni sisi na majirani.”

Mama Funguo akacheka huku anapangusa macho, akaja kumpandisha garini, akamfunika magoti na kanga aliyoitoa kibandani. Nilimvuta kando, nyuma ya pikapu.

“Ulijua atapona,” nikamwambia. “Ungeniambia tu. Nimekufa mara mia kwenye zile ngazi.”

Akatikisa kichwa.

“Sikujua,” akasema. “Nimewasikiliza watu wa wodini siku nyingi. Mgonjwa asiyetembea akiomba viatu vyake mwenyewe, siku hiyo anatoka. Wengine wanatoka hivi ulivyotoka na mama yako. Wengine hawafiki jioni. Mimi nikishika usukani sijui ni ipi. Naligeuza tu.”

“Na viatu? Mbona ulivifuta?”

“Kwa vyovyote angevihitaji.”

Nikaitazama mikono yake. Ile mikono iliyopitisha pikapu yangu pasipopita toroli ilikuwa inatetemeka, naye hakujali kuificha. Ndipo nikajua kwamba kutwa ile hofu haikuwa yangu peke yangu. Alikuwa ameibeba pale getini, na kabla yangu aliibeba ya muuza vitabu, na ya wangapi wengine, kwa bei ya saa moja. Nilimshika mkono, nikaubusu, jambo ambalo sijalifanya kwa mtu mwingine yeyote isipokuwa mama yangu.

Nilipopanda garini, mama alikuwa ameshaanza kulalamikia vumbi la dashibodi. Nikawasha. Nikainua macho kwenye kioo, kwa mazoea, na nikaona kwamba nyuma yangu tayari pamewekwa gari jingine, dogo, la bluu. Nalo lilikuwa limegeuzwa kutazama geti.

Sikujua ni la nani. Mwenyewe alikuwa bado kule ghorofani, pembeni ya kitanda cha mtu, pengine anamkanda miguu. Mama Funguo alikuwa ameshakaa tena kwenye ndoo yake, uso ameuelekeza uchochoroni. Nilitia gia, nikatoka upesi nisimzibie mwenzangu njia.