Waipa Zilizogoma Njia ya Mitaboni

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, mwezi ambao vilima vyetu hujifunika ukungu na manyunyu yake hayana haraka ya kuondoka. Nilikuwa kijana mwenye gari la kwanza katika ukoo wetu, na nilitaka kila mtu alione. Hilo ndilo lililoniponza.

Tuliishi Kithimani, kwenye jua na vumbi. Ujumbe ulifika kwamba mama mdogo Nduku, aliyeolewa Mitaboni, amezidiwa na anamwita dada yake, yaani mama yangu. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Aliyetumwa alikuja kwa basi. Mama alichukua leso yake, akaingia garini bila hata kunywa chai.

Sisi watu wa nchi kavu tuna ujinga wetu. Gari likiwaka na breki zikishika, tunasema ni zima. Waipa, zile za kupangusa kioo cha mbele, tunazisahau tangu mvua za mwezi wa nne ziishe. Vumbi huingia kwenye vyuma vinavyozizungusha, likachanganyika na grisi ya zamani, na baridi ikija, grisi hiyo hukaza. Mama alikuwa ameniambia mapema kwamba zinalia. Nikamcheka, nikamuuliza huku Kithimani zitapangusa nini, vumbi? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu lenyewe halikuwa langu.

Tulipoanza kupanda kuelekea Mitaboni, manyunyu yakatupokea. Nikawasha waipa. Zikapanda hadi katikati ya kioo, zikasimama. Nikazima, nikawasha, nikazima, nikawasha, kama mtu anayegombana na punda. Mara kukanuka kitu kinachoungua, na hata ule mlio mdogo wa mota ya waipa ukakoma. Fyuzi ilikuwa imekatika, ila sikulijua hilo. Nikaegesha kando, nikafungua boneti, nikaanza kuvutavuta nyaya.

Pikapu moja ikasimama karibu nasi. Dereva wake, mzee aliyebeba kabichi za kupeleka sokoni Mitaboni, alisema ana nafasi ya mtu mmoja pale mbele. Mama alikuwa ameshashika kitasa cha mlango. Nikamjibu mzee kabla mama hajasema neno.

"Asante mzee, lakini mama ako na gari ya mtoto wake. Nitamfikisha mwenyewe."

Mzee alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akaenda zake. Nikamwambia mama kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo ni ya kweli, lakini mahali pake hapakuwa pale. Nilichotaka hasa ni watu wa Mitaboni wamwone mama akishuka kutoka gari la mwanawe. Mama akaachia kitasa, akajifunga leso yake vizuri, akangoja.

Tulikaa pale mpaka manyunyu yalipokatika, ukungu ukainuka na barabara ikaonekana. Tukafika wakati wanawake wanatoka chumbani kwa mama mdogo wakijishika vichwa. Mwili ulikuwa bado na joto. Mama alikaa kitandani, akamshika nduguye mkono, akamweleza mambo mengi kwa Kikamba ambayo si yangu kuyasema. Jioni nilimwomba msamaha.

"Mwana wakwa, gari yako ni nzuri," akaniambia, akiniita mwanangu kwa Kikamba. "Lakini mimi nilikuwa nataka tu Nduku anione."

Hakulitaja tena jambo hilo hadi alipofariki. Afadhali angenigombeza. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu mjukuu wangu amezeeka nami nyumba moja.

Baada ya mazishi nilitia fyuzi mpya, nikafungua mikono ya waipa, nikapaka mafuta kwenye vile vyuma na kuvizungusha taratibu mpaka vikalegea. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa chai. Zilipoanza kupangusa kioo, nilikaa mle garini nikizitazama na kulia.

Sasa nawe umenunua gari, na umeniomba niliombee. Nitaliombea, lakini sikia kwanza. Jaribu waipa zako wakati wa jua, ukimwagia kioo maji kabla hujaziwasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Zikikwama kwenye baridi, zima swichi, usizilazimishe. Tazama kama mpira wa waipa umeng'ang'ania kioo, tazama fyuzi, kisha tazama vyuma kama vimekaza. Na kama huoni mbele, usiende. Kungoja si aibu.

Lakini hayo hata fundi wa magari kule mjini Tala atakufundisha. Langu ni hili: gari likikwama, usimkwamishe na mtu uliyembeba. Akitokea mwenye nafasi, muulize abiria wako anataka nini, kisha nyamaza usikie jibu lake. Fahari yako ibaki kando ya barabara pamoja na gari, utarudi kuvichukua vyote viwili. Mgonjwa hana muda wa kungoja.

Mungu akulinde milimani na mabondeni, mwanangu. Akupe macho ya kuona njia na moyo wa kushukuru ukisaidiwa. Na kila akuitaye, akujalie umfikie angali hai.