Shikamoo ya Bonifasia

Ofisi yetu ya ushirika wa wafugaji nyuki iko Ngara mjini, upande wa kilima ambao ukungu haupendi kuuacha. Asubuhi ukifika huoni stendi wala soko. Unasikia tu bodaboda zikipanda, kila moja sauti bila mwili. Humo ndimo Bonifasia alimokaa na simu ya mezani tangu akiwa msichana, na mimi Kezia, karani wa stoo ya asali, nimemsikiliza miaka yote hiyo.

Bonifasia ni mtu wa ndoto. Atakutazama ukimweleza jambo, kumbe yuko mbali, labda Biharamulo kwao. Lakini simu ikilia anarudi duniani mara moja, anasema "Shikamoo" kabla hajajua nani anapiga. Wanaopiga wengi ni wazee wenye mizinga, na kwake ni afadhali kumwamkia mtoto kwa bahati mbaya kuliko kumnyima mzee heshima yake. Kuna watoto wa shule walioitikia "marahaba" yao, wakacheka mpaka wakakata simu.

Kila jioni kabla hatujafunga, mama yake alipiga kutoka kijijini. Mama Odeta ana simu ya kitochi aliyonunuliwa na mwanawe mwingine, Jeremia, ila namba anayokubali kuipigia ni ya ofisi tu. Za mkononi anasema ni za wahuni. Walizungumza Kisubi, lugha ya kwao, polepole, na mimi Mhangaza nilikidaka nusunusu, kama mtu anayesinzia karibu na redio. Nilizipenda jioni zile, siwezi kuficha.

Mwaka huu mama akaanza kusahau. Anapiga, anasema maneno mawili matatu, anakata. Bonifasia akabaki na swali moja tu: mama bado ananijua, au anaongea na yeyote anayepokea? Aliogopa kumuuliza. Mimi ningeuliza, ndiyo maana sina marafiki wengi.

Ndipo uongozi ukaamua tuhamie simu za intaneti. Nyaya za zamani zilikoroma mvua ikinyesha, na faksi ilikuwa inatapika karatasi nyeusi tupu. Fundi Wiston akaleta ruta na simu mpya nyembamba. Faksi zingeingia kwenye barua pepe, namba yetu ingebaki ileile, na tukiwa hatupo sauti iliyorekodiwa ingepokea. Bonifasia akaombwa atoe sauti.

"Anza na karibu," Wiston akamwambia.

"Naanza na shikamoo."

"Dada, mashine haiamkii watu."

"Basi isipokee simu za watu."

Akarekodi: "Shikamoo. Hii ni ofisi ya ushirika wa wafugaji nyuki. Kwa sasa hatupo. Tafadhali acha ujumbe wako baada ya mlio." Kiswahili safi cha darasani, utadhani anasoma somo kanisani.

Kesho yake tulikwenda wote Kabanga kwenye mkutano wa wanachama, tukalala hukohuko. Tuliporudi, kompyuta ilionyesha ujumbe mmoja. Bonifasia akaufungua, nami nikasogea.

"Marahaba, mwanangu." Alikuwa Mama Odeta. Alikuwa amengoja sauti imalize kusema, ndipo akaitikia, kama adabu inavyotaka. Kisha kimya kirefu: anangoja aulizwe habari za nyumbani. Kuku akalia kwa mbali.

Bonifasia akashika ukingo wa meza. Mama yake hajawahi kumsemesha Kiswahili. Kiswahili kwake ni cha hospitali, cha soko na cha wageni.

"Habali za kazi, binti?" sauti ikaendelea. "Unaongea vizuri. Wazazi wako walikulea."

Bonifasia akanyoosha mkono azime. Nikauzuia. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Hapo kazini kuna mwanangu, Bonifasia. Nampigia kila siku. Kabla sijapiga, Jeremia ananitajia jina lake, nalirudia, nalirudia, nisije nikalikosea akaumia. Likianza kunitoroka, nakata simu. Wewe usimwambie hayo, mama. Mwambie tu kwamba nilipiga."

Ujumbe ukaisha. Bonifasia akaijibu kompyuta kwa sauti ileile ya ofisini, "Sawa, mama. Nitamwambia."

Jioni simu ililia. Aliipokea haraka, mashine isimtangulie, akasema kwa Kisubi, "Mama, ni mimi, Bonifasia." Baada ya maneno machache akalitaja tena: Bonifasia amekula, Bonifasia amekukumbuka, Bonifasia atakuja Jumamosi. Akawa analiweka jina lake karibu na mama, asihangaike kulitafuta. Nilikuwa nimeshika funguo mlangoni, na sikuwaharakisha. Mama hakukata.